Pumba za Katavi: Fedha haiko kwenye lundo

Msimu wa mavuno unapofika mkoani Katavi, mashine za kukoboa mpunga za Majimoto, Usevya na Mpanda mjini hufanya kazi mchana kutwa, na nyuma ya kila banda la mashine huota kilima cha makapi. Mwenye mpunga huondoka na mchele wake. Mwenye mashine hubaki na malipo yake ya kukoboa. Makapi hubaki bila mwenyewe. Wachoma matofali huchukua sehemu, wafugaji huchagua zile pumba laini, na kinachosalia hutiwa kiberiti au huachiwa upepo.

Kwa sababu hiyo, habari kwamba mabaki ya mazao yanaweza kutengeneza bidhaa ya viwandani yenye bei kubwa humvutia haraka mfanyabiashara. Bidhaa hiyo ni vimeng'enya, na vijidudu vinavyoitengeneza vimejaa kwenye udongo wa shamba lolote. Kitaalamu habari hiyo ni ya kweli. Kosa huanza pale mtu anapochukua ukweli wa maabara na kuuhesabu kama faida ya sokoni. Kati ya lundo la makapi na pipa la kimeng'enya kuna hatua nyingi, na kila hatua ina mtu anayelipwa. Mfanyabiashara mdogo anapaswa kujua ni hatua ipi anaimudu kabla hajatoa shilingi yake ya kwanza.

Kimeng'enya ni nini

Anayepika togwa anakijua kimeng'enya hata kama hajawahi kusikia jina lake. Uji mzito ukipoa kiasi na kutiwa kimea cha ulezi, baada ya muda si mrefu huwa mwepesi na mtamu. Hakuna sukari iliyoongezwa wala maji. Ndani ya kimea mna kitu kiitwacho amilesi, ambacho hukata wanga vipande vipande mpaka ukawa sukari. Hicho ndicho kimeng'enya: aina ya protini inayofanya kazi moja maalumu, kwa kasi kubwa, na bila yenyewe kuliwa na kazi hiyo. Ndiyo maana kimea kidogo hutosha chungu kizima.

Viwanda hutumia mbinu hiyohiyo kwa kazi mbalimbali. Kiwanda cha nguo hutumia amilesi kuondoa wanga uliopakwa kwenye nyuzi kabla ya kufuma, ili rangi ishike vizuri. Sabuni ya unga huwekewa protiesi, inayovunja madoa ya damu na maziwa, na laipesi, inayovunja mafuta. Wasindikaji wa matunda hutumia pektinesi ili juisi itoke kwa wingi na isiwe na ukungu machoni. Watengenezaji wa chakula cha kuku hutumia faitesi, inayofungua fosforasi iliyojificha ndani ya nafaka ili kuku aipate. Wenye viwanda vya ngozi hutumia protiesi kulegeza manyoya, na kwa njia hiyo hupunguza kemikali kali. Viwanda vya bia na vya mikate navyo vimo kwenye orodha hiyo. Kwa Tanzania, sehemu kubwa ya vimeng'enya hivi huagizwa kutoka nje, hivyo mnunuzi hulipa kwa fedha za kigeni na kusubiri meli.

Wanaovitengeneza ni vijidudu, yaani bakteria na kuvu. Kuvu hana mdomo wala tumbo. Akiota juu ya bua linalooza hutema vimeng'enya nje ya mwili wake, bua likayeyuka, naye akafyonza kilichoyeyuka. Katika misitu ya miombo ya Katavi kazi hii inaonekana wazi kwenye vichuguu. Mchwa wa vichuguu vikubwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, wakavipanga chini kama bustani, na juu yake wakalea kuvu maalumu ambaye huyasaga mabaki hayo hadi yakawa chakula chao. Uyoga unaochipua juu ya kichuguu mvua zinapoanza ni matunda ya kuvu huyo. Kwa maneno mengine, kiwanda cha kugeuza mabaki kuwa mali kilikuwapo Katavi kabla ya reli na kabla ya mashine za kukoboa.

Binadamu alianza kuiga jambo hili kibiashara zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1894 mkemia wa Kijapani, Jokichi Takamine, aliyekuwa akiishi Marekani, alipata hataza ya kutengeneza kimeng'enya kwa kuotesha ukungu juu ya pumba za ngano. Dawa ya tumbo iliyotokana na kazi hiyo iliuzwa kwa miaka mingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilisumbuliwa na kuoza kwa mahema na turubai zake katika Visiwa vya Solomon. Kuvu aliyekutwa kwenye vitambaa hivyo alichunguzwa, na kizazi chake ndicho leo kinatumika duniani kutengeneza selulesi, kimeng'enya kinachovunja nyuzi za mimea. Kilichoanza kama hasara ya jeshi kikawa bidhaa.

Mabaki yapi yanafaa

Mabaki ya mazao si bidhaa moja, na mfanyabiashara anayesema "nina tani 100 za mabaki" hajasema kitu ambacho mnunuzi anaweza kukipangia bei.

Pumba laini za mpunga na pumba za mahindi ndizo bora kuliko zote. Zina wanga, protini na madini, na kijidudu huota juu yake bila kubembelezwa. Lakini hizi tayari zina soko: mfugaji wa kuku, wa nguruwe na wa ng'ombe anazitaka kila siku. Anayetaka kuzinunua kwa ajili ya vimeng'enya lazima amshinde mfugaji kwa bei. Hali ni hiyohiyo kwa mashudu ya alizeti na ya pamba.

Magunzi ya mahindi yana nafasi nzuri zaidi kwa maana ya bei. Gunia la kilo 100 za punje huacha magunzi ya kilo 15 hadi 20 hivi. Mahali panapopukuchuliwa magunia 2,000 panabaki tani 30 hadi 40, zikiwa zimekwisha kusanywa sehemu moja. Gunzi lina kiasi kikubwa cha zailani, ambayo ndiyo chakula cha kuvu wanaotengeneza zailanesi, kimeng'enya kinachotumika kwenye karatasi, mikate na chakula cha mifugo. Mshindani mkuu wa bidhaa hii ni jiko, kwa kuwa kaya nyingi hupikia magunzi.

Maganda magumu ya mpunga ndiyo yanayojaza macho, lakini ndiyo yanayodanganya zaidi. Mpunga ukikobolewa, asilimia 20 hivi ya uzito wake huwa maganda haya, na asilimia 8 hadi 10 huwa pumba laini. Sehemu kama ya tano ya uzito wa maganda hubaki majivu yakichomwa, na majivu hayo karibu yote ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Kijidudu hakili mchanga, na mashine ya kusagia huliwa na mchanga. Maganda hufaa kuchanganywa na pumba laini ili hewa ipite, si kuwa chakula chenyewe.

Hapa ndipo aina ya mashine inapoingia. Mashine nyingi ndogo hukoboa mara moja tu, na maganda hutoka yamesagika pamoja na pumba laini. Mchanganyiko huo una thamani ndogo kwa kila mtu. Mashine yenye rola za mpira hutenganisha: maganda upande wake, pumba upande wake. Ichukuliwe mwenye mashine anayekoboa tani 5 za mpunga kwa siku kwa siku 100 za msimu. Atapitisha tani 500, na atapata maganda tani 100 na pumba laini tani 40 au zaidi. Akitenganisha, anazo tani 40 za kuuza. Asipotenganisha, ana tani 140 za takataka.

Mabua ya tumbaku, zao kubwa la Katavi, yaachwe nje ya hesabu, kwa kuwa yana nikotini, ambayo vijidudu vingi havielewani nayo. Mabua ya pamba nayo yana kanuni yake: yanatakiwa kung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili kukata mzunguko wa wadudu, na hayafai kuhifadhiwa kwenye ghala. Mabua ya mahindi yaliyoko shambani ni chakula cha ng'ombe na mbolea ya msimu ujao. Anayeyakomba yote anauza rutuba ya shamba lake kwa bei ya takataka. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni rahisi: nunua penye lundo tayari, yaani kwenye mashine na kwenye kupukuchulia, usilipe vibarua kufagia mashamba.

Hesabu ya maji

Hasara ya kwanza ya mfanyabiashara wa mabaki haiko sokoni. Iko ndani ya gunia, nayo ni maji. Ichukuliwe mtu amenunua kilo 1,000 za pumba zenye unyevu wa asilimia 20, kwa Sh 200 kila kilo. Bei hii ni ya mfano tu, si ya soko. Ametoa Sh 200,000. Mnunuzi wake anataka unyevu usiozidi asilimia 12. Ndani ya zile kilo 1,000 mna kilo 800 za kitu kikavu. Zikikaushwa mpaka asilimia 12, zitakuwa kilo 909. Kwa maana hiyo kila kilo imemgharimu Sh 220 kabla ya kibarua. Akilipa Sh 30,000 za kuanika na kugeuza, kilo inafika Sh 253. Akiuza kwa Sh 240 akiamini amepata faida ya Sh 40, amepoteza Sh 13 kwa kila kilo, na hatajua zimekwenda wapi.

Hasara ya pili ni muda. Pumba laini za mpunga zina mafuta, na ndani yake zina laipesi yake yenyewe. Mara tu punje inapokobolewa, kimeng'enya hicho hukutana na mafuta na kuanza kuyavunja. Baada ya siku chache pumba hunuka uchachu. Ni kichekesho cha biashara hii kwamba kimeng'enya ndicho kinachoharibu malighafi ya vimeng'enya. Dawa yake ni kuzipasha moto mapema, jambo linalohitaji kuni, chombo na nidhamu.

Hasara ya tatu ni msimu. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na mabaki huja kwa pamoja katikati ya mwaka. Mnunuzi wa viwandani huhitaji mzigo wa Februari uwe sawa na wa Julai. Anayeweza kumpa hivyo ni mwenye ghala kavu na chaga za kuinulia magunia, si mwenye lundo kubwa.

Barabara na reli

Meta moja ya ujazo ya maganda ya mpunga ina uzito wa kilo 100 hadi 150 tu. Treila yenye nafasi ya meta za ujazo 60 hujaa kwa tani 6 hadi 9, wakati ingeweza kubeba tani zipatazo 30 za mahindi. Mwenye gari hutoza safari, hatozi huruma. Lami ya kutoka Tabora na ile ya kutoka Sumbawanga zimeifungua Mpanda, lakini hazikubadilisha uzito wa maganda. Kusafirisha mabaki mabichi kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,100 kwa njia ya reli, ni kulipa nauli ya hewa.

Mji wa Mpanda una kumbukumbu yake juu ya jambo hili. Tawi la reli la kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilometa zipatazo 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya machimbo ya risasi ya Uruwira. Mawe yalipakiwa yakaondoka. Machimbo yalipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli ilibaki, kazi haikubaki. Unga wa kimeng'enya una sifa iliyo kinyume: ni mwepesi kwa ujazo na mzito kwa bei, hivyo unaweza kuimudu nauli ya mbali. Hoja ya kusindika Mpanda badala ya kusafirisha mabaki ni ya nguvu kwa upande wa nauli. Udhaifu wake uko kwenye usindikaji wenyewe.

Kazi ya ndani ya kiwanda

Kumpata kijidudu si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Mtaalamu huchukua chembe ya udongo, huichanganya na maji safi, na kuipaka kwenye sahani yenye wanga. Baada ya siku mbili tatu humwagia iodini. Sahani nzima hugeuka buluu iliyoiva, isipokuwa pale kijidudu kilipokula wanga, ambapo hubaki pete iliyo wazi. Pete kubwa ni dalili ya mfanyakazi hodari. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuifanya kazi hii, na makala nyingi za kitaalamu huishia hapo.

Gharama huanza baadaye. Kwa njia ya malighafi kavu, pumba hulowanishwa mpaka unyevu wake uwe asilimia 50 hadi 70, hupikwa kwa mvuke wa nyuzijoto 121 ili kuua vijidudu visivyoalikwa, hupoozwa, kisha hupandwa mbegu ya kuvu na kuwekwa kwenye trei katika chumba chenye joto la nyuzi 30 hivi kwa siku 3 hadi 7. Kuvu akifanya kazi hutoa joto. Trei ikijazwa sana, katikati huungua na kuvu hufa. Umeme ukikatika na feni zikasimama, mzigo wa wiki nzima huharibika kwa usiku mmoja. Baada ya hapo kimeng'enya hukamuliwa kwa maji, huchujwa, huongezwa nguvu, na hukaushwa kwa joto la chini, kwa kuwa joto kali hukiua.

Kisha huja kipimo. Kimeng'enya hakiuzwi kwa kilo peke yake, huuzwa kwa nguvu ya kazi, ambayo wataalamu huihesabu kwa uniti. Mzigo wa Machi ukiwa na nusu ya nguvu ya mzigo wa Februari, kitambaa cha mnunuzi kitatoka na mabaka, na mnunuzi huyo hatarudi. Kwa hiyo maabara ya kupima si pambo la kiwanda. Ndiyo mizani ya duka.

Mshindani naye anafahamika. Kampuni ya Novozymes ya Denmark, iliyoungana na Chr. Hansen mwaka 2024 na kuitwa Novonesis, kwa miaka mingi imeshika karibu nusu ya soko la vimeng'enya vya viwandani duniani. Kampuni kubwa za namna hii kwa kawaida hazitegemei trei za pumba. Hutumia matangi makubwa ya kimiminika na vijidudu vilivyoboreshwa kwa miongo kadhaa. Kushindana nazo kwenye sabuni ya unga ni kujitafutia msiba. Nafasi ya mzalishaji mdogo iko pale ambapo kimeng'enya ghafi kinatosha na mnunuzi yuko karibu: chakula cha mifugo, ngozi, na kuozesha mbolea.

Kijidudu ni cha nani

Malighafi ina mwenyewe na mashine ina mwenyewe. Swali ambalo wengi hulisahau ni mwenye kijidudu, na Kenya ilijifunza jibu lake kwa gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Vijidudu vya maziwa hayo vimezoea magadi makali, na kwa hiyo vimeng'enya vyake havishtuki ndani ya maji ya sabuni. Kampuni ya Genencor ya Marekani ilitengeneza bidhaa kutokana na vijidudu hivyo, zikiwamo za kufifisha rangi ya suruali za jinzi na za kuwekwa kwenye sabuni. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza hadharani kwamba linadai sehemu ya mapato. Kampuni ilishikilia kuwa sampuli zilichukuliwa kihalali. Ubishi ulikuwa mkubwa kwa sababu makubaliano ya mwanzo hayakueleza wazi nani alipwe nini bidhaa ikifika sokoni.

Mwaka 2007 KWS ilibadili mbinu na kutia saini mkataba na Novozymes, uliotaja kukusanya vijidudu kwenye hifadhi, kuwafundisha Wakenya kazi hiyo, na malipo endapo bidhaa itauzwa. Tofauti kati ya matukio haya mawili ni karatasi. Mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai ulianza kutumika mwishoni mwa mwaka 1993, na itifaki yake ya Nagoya, inayohusu kugawana faida, ilianza kutumika mwaka 2014. Kabla yake mtu aliweza kuondoka na chupa ya matope. Sasa anatakiwa kuwa na kibali na makubaliano.

Kwa Katavi jambo hili si la mbali. Mkoa una Hifadhi ya Taifa ya Katavi, una misitu ya miombo, na una Majimoto, mahali ambapo jina lenyewe linataja chemchemi za moto. Vijidudu vinavyoishi kwenye joto ni hazina ya viwanda, kwa sababu kazi nyingi za viwandani hufanyika kwenye maji ya moto. Utafiti nchini hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na hataza husajiliwa BRELA. Mwekezaji anayeambiwa kwamba kampuni "ina kijidudu chake cha pekee" ana haki ya kuuliza kilitoka wapi, kwa kibali gani, na nani ametia saini. Kijidudu kisicho na karatasi si mali. Ni kesi inayosubiri.

Ukungu wenye sumu

Liko onyo ambalo halihusu fedha. Jamii ya ukungu inayotengeneza baadhi ya vimeng'enya bora ina ndugu yake anayetengeneza sumukuvu, ile sumu inayopatikana kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa macho, ukungu mwema na ukungu muuaji wanaweza kufanana. Kwa hiyo hakuna anayepaswa kuotesha ukungu wa shambani kwenye chumba cha nyumba na kuuza unga wake kwa mfugaji au mwoka mikate. Kijidudu lazima kitambuliwe na maabara inayotambulika, na bidhaa ipimwe. Vumbi la ukungu pia hudhuru mapafu ya wafanyakazi, hivyo barakoa si anasa.

Mahali pa kuanzia

Kwa mfanyabiashara wa Mpanda, Inyonga au Karema, ngazi ina vidato vinne. Cha kwanza ni kukusanya, kutenganisha, kukausha, kusaga na kufunga kwenye magunia yenye kipimo kinachojulikana. Hiki kinahitaji turubai, mzani, kipima unyevu na ghala, na wanunuzi wake wapo leo: wafugaji na watengenezaji wa chakula cha mifugo. Hata kama kiwanda cha vimeng'enya hakitakuja, mtaji huu haupotei.

Kidato cha pili ni uyoga wa mamama. Huota juu ya magunzi na mabua yaliyosagwa, nao humfundisha mtu kazi ileile ya kiwanda kwa mtaji mdogo: kupika kwa mvuke, kupanda mbegu safi, kutunza unyevu na kuzuia uchafu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameotesha uyoga wa kuliwa hata juu ya mabaki ya mkonge. Anayepoteza nusu ya mifuko yake ya uyoga kwa uchafu hajawa tayari kwa vimeng'enya, na ni heri ajifunze hivyo kwa hasara ya mifuko kuliko kwa hasara ya kiwanda.

Kidato cha tatu ni kimeng'enya ghafi, kwa ushirika na maabara ya chuo au taasisi kama TIRDO, kwa mnunuzi mmoja aliyekubali kujaribu. Kidato cha nne ndicho kiwanda. Kukirukia kutoka chini ni kuruka bila kamba.

Mwekezaji mdogo anayeletewa karatasi ya mradi wa namna hii aulize maswali matano. Nani mnunuzi, na je, ameandika barua? Bidhaa itauzwa kwa nguvu gani, na nani atakayeipima? Malighafi imehesabiwa ikiwa kavu au mbichi? Umeme ukikatika saa 12, mzigo unakwenda wapi? Kijidudu ni cha nani? Anayeahidi faida ya kila mwezi kabla ya kujibu hata mojawapo hauzi vimeng'enya, anauza karatasi.

Mwenye mashine wa Majimoto hana haja ya kusubiri majibu hayo. Akiweka turubai mbili mwaka huu, moja ya maganda na moja ya pumba, na akanunua kipima unyevu, atakuwa amepanda kidato cha kwanza. Siku mnunuzi wa vimeng'enya atakapofika na gari lake, atauliza magunia yenye lebo. Kwa mwenye kilima atapita tu.